Goti Limegoma, Kiingilio Je?

Ukijiandikisha kwa mbio kubwa za ng'ambo, mara nyingi utakutana nacho kwenye ukurasa wa mwisho, baada ya kuchagua saizi ya fulana na kabla ya kuandika namba ya kadi: kisanduku kidogo kinachouliza kama ungependa kukata bima ya kiingilio. Pembeni yake pana kiasi cha kuongeza, dola kadhaa au pauni kadhaa, na maneno mawili matatu ya kukumbusha kwamba binadamu huumia na huugua. Juu ya ukurasa saa inahesabu dakika zilizobaki kabla nafasi yako haijaachiwa mwingine, na mtandao wenyewe unasuasua. Hapo wengi huamua kwa pupa. Mmoja anabonyeza ili roho itulie; mwingine anaruka kwa sababu aliwahi kusikia kwamba bima zote ni wizi. Swali lililostahili kuulizwa ni jingine kabisa: siku ikifika nikashindwa kukimbia, je, nitaweza kuonyesha kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa kwenye mkataba, na kwa tarehe iliyotangulia mbio? Bima hii hailipi maumivu ya goti. Hulipa karatasi inayosema goti lilichunguzwa na nani, lini, na akashauri nini. Anayejua ataipata karatasi hiyo ana sababu ya kufikiria kununua. Anayejua hataipata anaichangia tu kampuni ya bima.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachouzwa, maana hapa kuna mchanganyiko mkubwa. Mwandaaji wa mbio anaweza kuwa na bima yake, inayomlinda yeye pale mbio zenyewe zinapofutwa. Bima ya kiingilio ni ya mkimbiaji, na humlinda pale mbio zipo lakini yeye hawezi. Hazifanani na moja haifanyi kazi ya nyingine. Mwaka 2020, tarehe 17 Februari, Tokyo ilitangaza kwamba mbio za tarehe 1 Machi zingebaki za wanariadha wa juu peke yao kwa sababu ya korona. Wakimbiaji wa kawaida wapatao 38,000 walikaa nje, na kiingilio chao, yen 16,200 kwa wakazi wa Japani, hakikurudishwa. Waliruhusiwa kuhamia mwaka uliofuata kwa kulipa upya. Mtu aliyekuwa na bima ya kawaida ya kiingilio asingefaidika sana hapo: alikuwa mzima, miguu yake iko sawa, kilichokosekana ni mbio, na mikataba mingi ya aina hii haigusi mbio zilizofutwa na mwandaaji. New York ilikuwa na kisa cha upande wa pili. Kimbunga Sandy kiliupiga mji mwishoni mwa Oktoba 2012. Mbio zilikuwa Jumapili tarehe 4 Novemba, zikafutwa Ijumaa tarehe 2, wakati wageni wengi wameshatua na mabegi yao. Kanuni za wakati ule hazikuahidi kurudisha kitu. Desemba ndipo waandaaji wakawapa watu uchaguzi: warudishiwe fedha zao, au wapewe nafasi ya uhakika katika mojawapo ya miaka mitatu iliyofuata kwa kulipa tena, au nafasi katika nusu marathoni ya mji huohuo. Hayo yalikuwa mambo ya mwandaaji na bima yake. Kwa hiyo anayenunua bima ya kiingilio kwa kuogopa kimbunga, maandamano au mlipuko wa ugonjwa, asome kwanza kama mambo hayo yamo. Mara nyingi hayamo.

Kuna na kitu cha tatu kinachovaa nguo za bima bila kuwa bima. Baadhi ya mitandao ya usajili, hasa Uingereza, huuza kile wanachokiita ulinzi wa marejesho: muuzaji mwenyewe anaahidi kukurudishia fedha zikitokea sababu fulani. Kwa mkimbiaji tofauti hujitokeza siku ya ugomvi. Dai la bima likikataliwa Uingereza, mteja ana msuluhishi wa umma wa malalamiko ya huduma za fedha wa kumpelekea kesi bila kulipa. Ahadi ya muuzaji isipotimizwa, mlango huo huenda ukawa umefungwa, na unabaki na sheria za kawaida za mlaji. Angalia basi kama kuna jina la kampuni ya bima iliyosajiliwa chini ya maandishi yale madogo. Lisipokuwepo, umenunua ahadi. Ahadi nazo hutimizwa, lakini ujue ni nini ulichonacho mkononi.

Kabla ya kufikiria bima, soma kanuni za mbio zenyewe, kwa sababu huko ndiko kunakoamua kama una kitu cha kukatia bima. New York kwa miaka mingi ilitoza asiye mkazi wa Marekani dola 358, ambamo dola 11 zilikuwa za kushughulikia maombi. Anayejitoa kwa utaratibu kabla ya tarehe ya mwisho anaweza kuhifadhiwa nafasi ya mwaka unaofuata, lakini zile fedha zinakwenda na maji, na mwakani analipa kiingilio kingine kizima. Hapo bima na kuahirisha hazigongani: moja inaokoa nafasi, nyingine inaokoa fedha. Lakini zipo mbio ambazo humruhusu aliyejiandikisha kumhamishia mtu mwingine jina kwa ada ndogo, kwenye mtandao uleule, hadi wiki chache kabla ya siku. Mbio za namna hiyo zimeshakupa bima ndani ya kiingilio. Kuongeza ya pili juu yake ni kulipia mwavuli ndani ya nyumba.

Wanawake waangalie kwa makini zaidi. Boston na London zilitangaza mwaka 2022 taratibu za kumruhusu mjamzito au aliyejifungua karibuni kuahirisha bila kupoteza nafasi yake, na nyingine zimefuata. Mikataba mingi ya bima, kinyume chake, haihesabu ujauzito wa kawaida kuwa sababu. Hufidia matatizo ya ujauzito yaliyothibitishwa na daktari, na baadhi hudai kwamba mimba iwe imegundulika baada ya bima kununuliwa. Kwa hiyo mwanamke anayepanga kupata mtoto atafaidika zaidi na kanuni za mbio kuliko na kisanduku. Asidhani amekingwa kote kote kwa sababu tu ameona neno mimba likitajwa mahali fulani kwenye maelezo.

Sasa tuingie ndani ya mkataba. Mambo yanayofidiwa yanafanana kutoka kampuni hadi kampuni: ugonjwa au jeraha lililomfanya daktari akuzuie kukimbia, kifo au ugonjwa mzito wa ndugu wa karibu, kupunguzwa kazini pasipo kosa lako, wito wa mahakama, ajali ya barabarani njiani kuelekea kwenye mbio, na kadhalika. Yasiyofidiwa nayo yanafanana: kubadili nia, kutofanya mazoezi ya kutosha, shughuli ya kazini iliyogongana na tarehe, maradhi uliyokuwa nayo wakati wa kununua. Hili la mwisho ndilo linalowanasa wakimbiaji kuliko jingine lolote. Mtu ana kisigino kinachomsumbua tangu mwaka jana, anajiandikisha akitumaini kitapona, ananunua bima kwa sababu hasa ya kisigino kile, halafu kinamrudia. Kampuni inaomba rekodi za hospitali, inakuta jina la kisigino limeandikwa miezi minne kabla ya tarehe ya bima, na dai linaishia hapo. Kama una jeraha linalojulikana na lilishatibiwa, chukulia kwamba bima inakulinda dhidi ya kila kitu isipokuwa hicho unachokiogopa, mpaka mkataba wenyewe useme vinginevyo kwa maandishi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala lipo shimo jingine, pana zaidi, ambalo maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Wamarekani hayaligusi. Kinachomzuia mkimbiaji wetu kufika kwenye mstari wa kuanzia mara nyingi si goti, ni viza. Kunyimwa viza, au kupangiwa tarehe ya mahojiano iliyopita siku ya mbio, kwa kawaida hakumo katika sababu zinazofidiwa. Bima inaangalia mwili wako, haiangalii pasipoti yako. Ada ya maombi ya viza ya matembezi ya Marekani, dola 185 tangu Juni 2023, nayo hairudi. Kwa hiyo mtu aliyepata nafasi katika mojawapo ya mbio kubwa za dunia, ambazo ni saba tangu Sydney iongezwe kwa Tokyo, Boston, London, Berlin, Chicago na New York, aanze kwa kupanga foleni ya ubalozi kabla hajafikiria kisanduku cha bima. Akiona tarehe za mahojiano zimejaa mpaka baada ya mbio, tatizo lake halina bima; lina kuahirisha, kama mbio zinaruhusu.

Mkataba pia huuliza unaishi wapi. Bima zinazouzwa kwenye mitandao ya usajili ya Marekani kwa kawaida ni za wakazi wa Marekani, kwa sababu biashara ya bima huko husimamiwa jimbo kwa jimbo. Ukiandika anwani ya Arusha, huenda kisanduku kisionekane kabisa. Ndipo ujanja unapoingia: binamu aliye Minneapolis anakulipia kwa kadi yake, na ili mambo yapite mnaandika anwani yake. Usajili utapita. Bima itakatwa. Siku ya kudai, kampuni itaomba ripoti ya daktari, na ripoti itatoka hospitali ya Arusha kwa mtu anayedaiwa kuishi Minneapolis. Maelezo ya uongo wakati wa kununua ni sababu tosha ya kuubatilisha mkataba mzima, na aliyetoa ada hana wa kumlaumu. Binamu akulipie, hakuna ubaya. Anwani iwe yako. Na kama bima inaruhusiwa, hakikisha jina la mwenye bima ni la mkimbiaji, kisha uulize fidia hulipwa kwa njia gani. Hundi ya benki ya Marekani ina safari ndefu hadi kuwa fedha mkononi Mwanza, na kadi ya mtandaoni uliyoifungua kwenye simu kwa ajili ya malipo yale huenda itakuwa imeshafungwa.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu humo ndimo dai hushindwa au hushinda. Barua ya daktari inayofaa ni fupi na ina mambo machache: jina lako kama lilivyo kwenye usajili, tarehe uliyochunguzwa, ugonjwa au jeraha kwa jina lake la kitabibu, jina la mbio na tarehe yake, na sentensi inayosema wazi kwamba kwa hali hii nimemshauri asishiriki. Chini yake jina la daktari, namba yake ya usajili, sahihi na muhuri. Sasa ilinganishe na barua ambayo watu wengi huenda nayo: "Mgonjwa huyu amefika hospitalini akilalamika maumivu ya mguu wa kulia. Amepewa dawa na mapumziko ya siku saba." Haina jina la mbio. Siku saba hazifiki tarehe ya mbio. Maumivu ni malalamiko ya mgonjwa, hayajawa uchunguzi. Msoma madai aliyeko mbali, asiyekujua na mwenye mafaili mengine mezani, hana pa kushika. Hajakuonea, hajapewa kitu. Mweleze daktari mapema, ukiwa bado kwenye kiti chake, kwamba barua ni ya bima ya mbio za tarehe fulani. Madaktari wetu wamezoea kuandikia waajiri likizo ya ugonjwa, na usipomwambia ataandika kwa mkono uleule.

Tarehe ni jambo la pili. Mikataba mingi inataka uchunguzi uwe umefanyika kabla ya mbio au, kwa kuugua ghafla, ndani ya muda mfupi baada yake. Mkimbiaji wa kawaida hafanyi hivyo. Muundi ukianza kuuma wiki ya nane ya mazoezi, anapaka dawa ya kuchua, anapumzika siku tatu, anajaribu tena, anaambiwa na wenzake wa kikundi cha joging abadilishe viatu. Akizidiwa anakwenda duka la dawa. Mwishowe, wiki moja kabla, anakata tamaa kimyakimya na kubaki nyumbani. Miezi miwili ya maumivu ya kweli, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Mtu wa namna hii, na ndivyo wengi wetu tulivyo, asinunue bima ya kiingilio isipokuwa ameamua kubadili mwenendo. Hata aliyemwona mtaalamu wa viungo hajavuka mto bado, kwa kuwa baadhi ya kampuni hutaka daktari mwenye leseni na hazikubali barua ya fiziotherapia peke yake. Ichukue barua ya fiziotherapia pia, na kila risiti, lakini mkono wa daktari uwepo. Halafu usianze mbio. Aliyevuka mstari wa kuanzia akajiondoa kilomita ya tano ameshashiriki kwa macho ya mkataba, na chipu ya kiatuni au ya kwenye namba ya kifua imeshaandika ushahidi dhidi yake.

Wapo watakaosema hesabu hii yote ni ndefu kwa kitu cha dola chache. Basi tufanye fupi. Tuseme kiingilio ni dola 200 na bima ni dola 16, yaani asilimia 8. Kwa hesabu tupu, bima inalipa kama nafasi yako ya kupata fidia, siyo ya kuumia tu, inazidi asilimia 8. Je, inafika huko? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo yalikuta kwamba majeraha ya miguu kwa wakimbiaji wa masafa marefu yalikuwa kati ya asilimia 19.4 na asilimia 79.3, kutegemea utafiti ulipima nini na kwa nani. Muuza bima angefurahi kukusomea namba hizo. Lakini jeraha la kwenye tafiti laweza kuwa msuli uliokaza kwa wiki moja, na wengi wa waliojeruhiwa walikimbia. Tazama upande mwingine: Boston ya mwaka 2014 iliandikisha watu zaidi ya 35,000, wakaanza elfu 32 na ushei. Karibu mmoja kati ya kumi hakuanza, kwenye mbio ambazo watu huhangaika miaka kuzifikia. Hao hawakuugua wote. Wengine walikosa ruhusa kazini, wengine hawakujiandaa, wengine walikuwa na goti la zamani. Ukiwatoa wasio na sababu inayokubalika, kisha wenye sababu nzuri lakini hawana karatasi, wanaobaki ni sehemu ya ile sehemu ya kumi. Mkimbiaji wa wastani, kwa wastani, atalipa zaidi ya atakachorudishiwa. Haiwezi kuwa vinginevyo. Kampuni lazima ilipe mishahara, na mtandao wa usajili nao aghalabu hupata kamisheni kwa kila kisanduku kinachobonyezwa. Wasimamizi wa huduma za fedha Uingereza waliwahi kuchunguza bima zinazouzwa kama nyongeza ya kitu kingine, wakaona wateja wengi wanapata thamani ndogo, na tangu Aprili 2016 walipiga marufuku visanduku vilivyokuja vimeshabonyezwa tayari.

Hoja yangu haihukumu bima kwa wastani, kwa sababu hakuna anayeumia kwa wastani. Mtu anayetoka familia yenye mzee mgonjwa, ambaye anajua akipigiwa simu ataacha kila kitu apande basi la Songea, ana nafasi kubwa kuliko hesabu ile, na cheti cha kifo ni karatasi isiyobishaniwa. Mfanyakazi wa mkataba wa muda kwenye kampuni inayopunguza watu ana barua yake tayari karibu kuandikwa. Mwenye bima ya afya na daktari anayemjua kwa jina anapata barua siku hiyohiyo. Hao kisanduku kinawafaa. Asiyefaa ni kijana mzima, asiyekwenda hospitali mpaka aanguke, anayejiandikisha mbio za nyumbani kwa bei ambayo haifiki robo ya nauli na malazi yake. Kiingilio cha Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kwa mkimbiaji anayetoka Dar, ndicho kitu cha bei nafuu katika safari nzima. Hoteli ya mwisho wa Februari ndiyo inayouma.

Na hilo ndilo pingamizi ninalolichukulia kwa uzito: kwamba bima ya kiingilio inalinda kitu kidogo na kuacha kikubwa. Ni kweli. Tiketi ya ndege kwenda Berlin, hoteli inayopandisha bei wiki ya mbio, viza, siku za likizo, vyote havimo. Kama fedha ya bima ni moja tu, bima ya safari inayofidia kughairi safari kwa sababu ya ugonjwa huwa na maana zaidi, na baadhi yake hukubali kuhesabu kiingilio kama gharama iliyolipwa mapema. Waulize kwa barua pepe kabla ya kununua, ubaki na jibu lao. Mkimbiaji wa hisani aangalie zaidi: nafasi ya hisani ya London aghalabu huja na ahadi ya kuchangisha kama pauni 2,000, na Boston ni dola 5,000 au zaidi. Bima hurudisha ada ya usajili peke yake. Ile ahadi ni kati yako na shirika, na ukiona mfupa una ufa, wapigie simu wiki hiyohiyo, kabla wachangiaji hawajaanza kuuliza picha za medali.

Kuna wanaouliza kwa nini waandaaji wasirudishe fedha wenyewe bila kuleta mtu wa katikati. Jibu ni kwamba kufikia wiki ya mbio fedha hazipo tena. Fulana imechapishwa kwa saizi yako, medali imeshatoka kiwandani, askari wa kufunga barabara wamelipiwa, na maji ya kituo cha kilomita 30 yamehesabiwa pamoja na wewe. Asipotokea mmoja, mwandaaji haokoi hata chupa. Lakini jibu hilo lina ukweli wa nusu. Anayejitoa miezi minne kabla anaacha nafasi inayoweza kuuzwa upya, na mbio zinazouza nafasi hiyo mara ya pili huku zikishika fedha za kwanza zinapaswa kuulizwa maswali. Vikundi vya wakimbiaji vikiuliza kwa pamoja, wakati wa usajili, husikilizwa zaidi ya mtu mmoja anayelalamika baadaye.

Wengi hujibu tatizo hili kwa njia fupi: kuuza namba kwenye kundi la WhatsApp. Nani atajua? Anayeweza kujua ni daktari wa kituo cha huduma ya kwanza, atakapogeuza namba ya kifua ya mtu aliyeanguka kusoma jina, namba ya simu ya ndugu na dawa anazotumia, na kukuta ni za mtu mwingine aliyelala kwake Tabata. Simu itapigwa kwa mke wa asiye mgonjwa. Ukihamisha, hamisha kwa njia ya mbio zenyewe, na kama hawana njia hiyo, waombe waianzishe.

Halafu lipo pingamizi ambalo halisemwi hadharani lakini lipo: kwamba kukata bima ni kujitabiria mabaya, au kwamba bima yenyewe ina walakini wa kidini. Anayeona hivyo sina haja ya kumshawishi, maana ana njia nyingine ya kufikia jambo lilelile. Klabu ya watu 20, kila mmoja akiweka elfu chache kwenye mfuko kila anapojiandikisha mbio, inaweza kumrudishia aliyeumia kiingilio chake bila barua ya kampuni yoyote, kwa sababu wenzake walimwona akichechemea Coco Beach. Upatu tunaujua, na haya ni mambo ya upatu. Tatizo lake ni lilelile la karatasi likiwa limegeuzwa: hapo ushahidi ni macho ya watu, na macho huwa na upendeleo. Klabu iandike kanuni mbili tatu kabla ya dai la kwanza, hasa kuhusu anayedai kila msimu.

Ukiwa umeshanunua na mambo yameharibika, fanya kazi kwa mpangilio. Siku uliyonunua piga picha za skrini za masharti yote, maana ukurasa wa mauzo hubadilika na mkataba uliotumwa kwa barua pepe hupotelea kwenye matangazo. Unaweza pia kukuta mkataba unakupa siku kadhaa, mara nyingi kumi hadi kumi na tano, za kuusoma na kuurudisha ukarudishiwa ada yote. Hapo ndipo pa kufanya uamuzi uliokuponyoka wakati saa ile ikihesabu. Ukiumia, mwone daktari wiki hiyo. Kisha jitoe rasmi kwa mwandaaji ndani ya muda wake, uhifadhi jibu. Muulize kama atakupa marejesho yoyote au nafasi ya mwakani, kwa kuwa kampuni itauliza hilo na inaweza kukata kwenye fidia kile ulichokwisha kupewa. Usichukue begi la vifaa kama huna mpango wa kukimbia, kwa sababu kulichukua kunaleta maswali yasiyo ya lazima. Tuma dai na barua, risiti ya usajili, cheti cha bima na uthibitisho wa kujitoa, yote kwa pamoja. Barua ikiwa ya Kiswahili, weka tafsiri iliyogongwa muhuri. Dai likikataliwa, jibu la kwanza si hukumu: omba kwa maandishi kifungu walichotumia. Mara nyingi kinachokosekana ni ile sentensi moja, kwamba alishauriwa asishiriki mbio za tarehe fulani, na daktari aliyekuchunguza bado anaweza kuiandika, kwa tarehe ya leo, akirejea faili la siku ile.